Simu Umenunua, Kadi Iko kwa Nani?

Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulieleza mfumo wa Android ulikotoka, na kwa nini simu janja nyingi zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue na Kampala zinaendeshwa nao. Leo tuingie kwenye swali ambalo watu huliuliza kwa hasira zaidi kuliko kwa udadisi: inakuwaje nimelipa fedha yote dukani, halafu kuna mambo ambayo simu yangu mwenyewe inanikatalia?

Tuanze na kijana wa bodaboda. Anayeendesha kwa mkataba anaijua sheria yake hata kama hajui kusoma. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Pikipiki anaiosha, anaibadilisha oili, anaifunga taa za rangi na kuiandika jina la mwanawe, lakini kadi ya umiliki iko kabatini kwa tajiri. Siku akimaliza hesabu ya mwisho anakabidhiwa kadi, wanaandikishana, kila mtu anashika njia yake. Hata akizidiwa katikati na chombo kikachukuliwa, atalia, atalaani, ila hatasema kwamba hakuambiwa.

Simu za mkopo zilizoenea miaka hii zimejengwa juu ya mkataba uleule. Mwaka 2020 Safaricom na Google walizindua nchini Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mteja akitoa Sh20 kwa siku. M-KOPA, waliokuwa wakiuza mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo tangu 2012, nao wakaingia kwenye simu. Ukipitisha siku bila kulipa, simu inajifunga. Skrini inabaki na ujumbe wa deni na maelezo ya kulipia.

Wengi hudhani kufuli hilo ni apu kama apu nyingine, na kwamba fundi mjanja ataifuta kwa dakika tano. Haliko hivyo. Tangu toleo la 5, lililotoka mwaka 2014, Android ina nafasi maalumu ambayo mfumo wenyewe unaitambua kuwa ya mmiliki wa kifaa. Ilibuniwa kwa ajili ya makampuni yanayowapa wafanyakazi simu za kazi. Aliyeikalia nafasi hiyo anaweza kuzuia mipangilio fulani, kukataza apu zisiwekwe au zisiondolewe, kuzima kamera, na kuifunga simu yote akiwa mji mwingine. Katika simu ya mkopo, aliyekaa hapo ni mkopeshaji. Wewe uliyeishika mkononi ni mtumiaji tu. Na kuifuta simu ili ianze upya hakusaidii, kwa sababu namba yake ya IMEI, ile ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#, imeandikishwa kwenye seva. Simu ikiwaka tena na kupata mtandao inauliza seva, seva inajibu kwamba deni bado lipo, kufuli linarudi.

Nitasema neno ambalo najua litawaudhi baadhi ya wasomaji. Kati ya makufuli yote yaliyomo kwenye vifaa tunavyonunua, hili la mkopo ndilo lenye uaminifu zaidi. Limetajwa kwenye mkataba, sababu yake inaeleweka na lina siku ya kufa. Mama lishe ambaye asingeweza kutoa laki tatu kwa mkupuo anapata simu ya kupokelea oda. Ugomvi wangu ni na yule aliyelipwa fedha taslimu, akatoa risiti, na bado akabaki na kadi.

Simu ya taslimu ina kufuli gani basi? Kabla Android haijaamka, kuna programu ndogo inayoiwasha simu, mafundi huiita butiloda. Kazi yake mojawapo ni kukagua saini. Mtengenezaji ametia ndani ya chipu alama ya utambulisho isiyofutika, na mfumo wowote usiobeba saini inayolingana na alama ile hauwashwi. Ulinzi huo una maana: bila huo, mtu angeweza kuichukua simu yako kwa nusu saa, akaiwekea mfumo wenye jasusi ndani, akakurudishia ukiwa hujui lolote. Tatizo ni kwamba saini inayokubaliwa ni ya mtengenezaji peke yake. Wapo wanaomruhusu mwenye simu kulifungua kufuli hilo akitaka. Simu za Pixel za Google zisizofungwa na kampuni ya mtandao zinafunguka, na Motorola hutoa namba ya kufungulia kwa baadhi ya simu zake. Wengine hukuzungusha siku kadhaa. Wengine hawafungui kabisa, hata kwa fedha.

Madhara yake huyaoni siku ya kununua. Unayaona mwaka wa tatu, mtengenezaji anapoacha kutoa masasisho. Chipu ni nzima, kioo ni kizima, betri inabadilishika, ila mfumo umebaki na matundu ya usalama ambayo hakuna atakayeyaziba. Duniani wapo watu wanaoyaziba kwa kujitolea: mradi wa LineageOS, ulioanza mwishoni mwa 2016 baada ya mtangulizi wake, CyanogenMod, kufa, umezipa simu nyingi zilizotelekezwa mifumo mipya. Lakini hawaingii mahali butiloda imefungwa. Na hata ilipofunguliwa, apu ya benki inaweza kugoma kufanya kazi, maana imefundishwa kutoiamini simu ambayo saini yake si ya kiwandani. Kwa hiyo mtu anachagua kati ya simu salama isiyotambuliwa na benki na simu yenye matundu ambayo benki inaikaribisha. Mimi naona hapo akili imepinduliwa miguu juu.

Kinachouma zaidi ni kwamba kiini cha simu hizo, Linux, kiliandikwa na watu na kugawiwa bure kwa masharti ambayo shabaha yake ilikuwa hasa kuyazuia haya.

Habari yenyewe inaanzia kwenye printa. Mnamo mwaka 1980 hivi, maabara ya akili bandia ya MIT nchini Marekani ilipewa na Xerox printa ya leza. Ilikuwa ya kasi, ila karatasi zilikwama mara kwa mara, na watumiaji walikaa ghorofa nyingine. Richard Stallman, mwandishi wa programu pale, alikuwa ameshalitatua tatizo hilo kwenye printa ya zamani: aliirekebisha programu yake ili karatasi zikikwama, kila anayesubiri apate ujumbe kwenye kompyuta yake, mmoja wao aende akazikwamue. Alipotaka kufanya hivyo kwenye hii mpya akakuta Xerox hawakutoa msimbo wa programu. Akamfuata mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao. Akanyimwa, kwa kuwa yule alikuwa ametia saini ya kutomwonyesha mtu. Stallman hakuisamehe siku ile. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo mzima wa kompyuta ambao anayeutumia ana haki ya kuuendesha atakavyo, kuuchunguza na kuubadili, kumpa mwingine nakala, na kugawa alichokibadili. Haki hizo zikaandikwa ndani ya leseni ya GPL.

Mwaka 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, akaanza kuandika Linux, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo. Kampuni ikitumia Linux lazima itoe msimbo wa kiini hicho kwa anayenunua kifaa. Ilionekana mlango umefungwa vizuri.

Halafu ikaja TiVo, kisanduku cha kurekodia vipindi vya televisheni kilichoingia sokoni Marekani mwaka 1999. Ndani kilikuwa na Linux. Kampuni ilitii leseni: msimbo ilitoa. Ukitaka kuusoma, soma. Ukitaka kuurekebisha, rekebisha. Lakini ukiurudisha kwenye kisanduku chako, kisanduku kinakagua saini, kinakuta si ya TiVo, kinakataa kufanya kazi. Ahadi ilitimizwa kwenye karatasi ikafutwa kwenye chuma. Stallman na wenzake wakaandika toleo la tatu la GPL, lililotoka Juni 2007, kuuziba mwanya huo kwa vifaa vya matumizi ya nyumbani. Torvalds akakataa kuhamia huko. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye alitaka msimbo urudi ukiwa umeboreshwa. Mtu akiujengea chuma cha namna gani, hilo ni la mwenye chuma. Hoja yake si ya kipuuzi. Lakini simu iliyo mfukoni mwako imefungwa leo kwa njia ileile ya TiVo, na inaruhusiwa kufanya hivyo kwa sababu Linux ilibaki kwenye toleo la pili.

Kufuli haliishii kwenye programu. Nenda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mchana wowote, simama kwenye meza ya fundi. Ana darubini, kibano, blowa ya kupashia solda, mswaki wa zamani na chupa ya spiriti. Vioo na betri za spea zimelala kwenye boksi la viatu. Akifungua baadhi ya simu za bei ghali, kazi ya mikono inakwenda sawasawa na bado simu inagoma. iPhone 13 ilipotoka mwaka 2021, ukibadilisha kioo chake, hata kwa kioo halisi kilichotolewa kwenye simu nyingine mpya ya aina hiyohiyo, ile kazi ya kufungua simu kwa uso ilizimika. Kipande kidogo cha chipu nyuma ya kioo kilikuwa kimeoanishwa na simu moja tu. Dawa iliyobaki kwa fundi wa mtaani ilikuwa kukibandua kipande hicho kutoka kioo kilichovunjika, kikiwa kidogo kuliko punje ya mchele, na kukipachika kwenye kipya chini ya darubini. Baada ya makelele, Apple walitoa sasisho lililoondoa kikwazo hicho. Kumbuka kilichokiondoa: sasisho la programu. Kioo hakikuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria inayopiga marufuku uoanishaji wa namna hiyo kwa vifaa vipya.

Vitabu vya kielektroniki nitavigusa kidogo tu. Julai 2009 Amazon walifuta kwa mbali, kutoka vifaa vya Kindle vya wasomaji waliokwisha kulipa, nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kwa kuwa aliyewauzia hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, naye Jeff Bezos, mkuu wa kampuni wakati huo, akaomba radhi. Kimoja kilikuwa Animal Farm. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, nakala iliyo rafuni kwangu imeliwa na mende pembeni, lakini mwenye duka hajawahi kuingia usiku kuichukua.

Kuna wanaosema kwamba bila makufuli wezi wangetumaliza. Ni kweli, na mfano wao ni mzuri. Apple walipoweka mwaka 2013 kufuli linalodai nenosiri la mwenye simu kabla haijaanzishwa upya, wizi wa iPhone ulishuka New York, San Francisco na London. Android nayo ikaweka lake, ambalo mafundi huliita FRP. Lakini tazama nenosiri hilo liko kwa nani. Liko kwa mwenye simu. Anaweza kuifungua, kuiuza au kumpa mdogo wake. Ulinzi ule ule, nguvu ile ile, ila kadi iko mfukoni mwa aliyelipa.

Serikali zetu zimekwisha kuonyesha kwamba zinaweza kuzifikia simu moja moja. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012. Mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ikafanya hivyo Juni 2016, kwa kutumia IMEI hizohizo. Mamlaka za mawasiliano za nchi hizi ndizo zinazoidhinisha aina za simu zinazouzwa nchini. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unadai simu mpya zipate masasisho kwa miaka mitano baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa, na vipuri kwa miaka saba. Sisi hatuhitaji kuanza mbali hivyo. Masharti mawili ya kibali yangetosha kuanzia: boksi liandikwe tarehe ambayo masasisho yatakoma, na tangu tarehe hiyo butiloda ifunguke kwa mwenye simu anayetaka. Waingizaji watasema bei itapanda. Kuandika tarehe kwenye boksi hakupandishi bei ya kitu, na kufungua kufuli la simu uliyoiacha hakuhitaji kiwanda.

Kwa sasa, aliye kwenye simu ya mkopo ana la kufanya. Akimaliza malipo ya mwisho, adai barua au ujumbe wa maandishi kwamba deni limekwisha na simu imeondolewa kwenye seva ya mkopeshaji. Kisha ahifadhi picha na namba zake mahali pengine, aifute simu yote, aiwashe akiwa kwenye mtandao. Ikianza kama simu nyingine yoyote, basi nafasi ya mmiliki imeachwa. Ikitokea tena skrini ya mkopeshaji, au apu yake ikajirudisha yenyewe, arudi dukani siku hiyohiyo na risiti zake, kabla hazijafifia wino.