Tutue Hapa, au Tusonge Mbele?

Yeyote aliyewahi kuendesha gari kuelekea sokoni mjini Tabora wakati wa pilikapilika anaijua shaka hii. Mbele yake pana nafasi moja tupu, na lango lingali mbali. Akiegesha hapo atatembea juani. Akiipita, huenda akapata iliyo karibu zaidi, na huenda asipate. Siku moja nilimchukua shangazi yangu, ambaye magoti humsumbua, nikaipita nafasi njema chini ya mwembe kwa kutamani bora yake. Hadi langoni pote pamejaa. Niliegesha mbali, upande wa pili.

"Mwanangu," akasema huku akishuka taratibu, "usomi wako wote umeshindwa na mwembe?"

Wanahisabati wamelishughulikia swali hili. Mwaka 1960 MacQueen na Miller walichapisha uchambuzi wake. Tuseme nafasi zimepangwa mstari mmoja unaoendelea hata baada ya lango, dereva harudi nyuma, na katika kila nafasi kumi tisa zina magari. Jibu ni hili: zipite zote, hata zilizo tupu, mpaka zibaki sita mbele yako, ya langoni ikiwemo; toka hapo itwae tupu ya kwanza. Kwa nini sita? Zidisha 0.9 kwa yenyewe mara sita, utapata 0.53, huo ndio uwezekano kwamba zote sita zimejaa. Mara saba ni 0.48. Mpaka upo kwenye nusu: maadamu uwezekano wa kukuta zote za mbele zimejaa haujafika nusu, songa, ukifika, tua. Msongamano ukizidi, zikajaa 99 katika 100, mpaka huo hurudi nyuma hadi nafasi 68. Zikijaa nusu tu, nenda moja kwa moja langoni.

Shaka kama hiyo iliwakabili viongozi wa misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ila kwao kilichotafutwa kilikuwa maji. Kabla ya kuingia Unyanyembe msafara ulipaswa kuvuka Mgunda Mkali, nyika iliyo baina ya Ugogo na Unyamwezi. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857 kabla ya kufika Kaze, yaani Tabora ya leo. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 30 hivi hawezi kuambiwa arudi alikotoka. Kwa hiyo penye mwendo mrefu bila maji walitumia terekeza: kupika na kunywa kabla ya adhuhuri, kuondoka jua likiwa kali, kulala njiani pakavu, na kuyafikia maji siku ya pili. Mgeni angedhani ni wazimu kuyaacha maji mchana. Lakini kirangozi hakubahatisha kama mimi. Umbali wa kisima cha mbele aliujua, akaugawa mwendo. Mwenye kuijua njia hana haja ya ile 0.9.

Dereva wa leo anayo nafuu moja: anaweza kugeuza gari. Mwaka 2019 Krapivsky na Redner, wanafizikia wa Marekani, walilinganisha madereva wa namna tatu. Mwoga huegesha nyuma ya gari la kwanza analolikuta. Mwenye matumaini huenda hadi langoni, kisha hurudi kutafuta tupu iliyo karibu. Mwenye busara huingia katika pengo la kwanza lililo baina ya magari, mwisho wake ulio karibu na lango. Asipoliona pengo, naye hufika langoni na kurudi. Mwenye busara hushinda, ingawa kwa tofauti ndogo tu, akifuatwa na mwenye matumaini. Mwoga huachwa mbali kabisa.

Hesabu zote hizi hupima hatua na muda. Kivuli hazikipimi, wala magoti. Gari lililoachwa juani Tabora mwezi wa Oktoba halikaliki, na mwembe mmoja kwa maoni yangu una thamani ya hatua mia.

Safari iliyofuata nilianza kuhesabu magari kwa sauti. Shangazi alinigusa bega kwenye mwembe uleule, akafungua mlango kabla sijazima injini.