Maneno ya Kiingereza Yaishiayo kwa "Self"

Wengi katika wasomaji wetu hujifunza Kiingereza, na wengine huwafundisha wenzao. Twaona ya kuwa hushika upesi majina ya vitu na maneno ya kazi, lakini hujikwaa katika maneno madogo. Leo twapenda kueleza habari za maneno yaishiayo kwa "self", maana mtu akikosea hapo hakosei tamko tu, bali huweza kumtwika mwenziwe tendo lisilo lake.

Katika Kiswahili jambo hili ni jepesi. Twatia "ji" ndani ya neno la kitendo, basi twasema: nilijikata, ulijikata, alijikata, tulijikata, mlijikata, walijikata. "Ji" ni ile ile kwa watu wote. Kiingereza sivyo. Neno lao husimama peke yake nyuma ya kitendo, nalo hubadilika kwa kumfuata mtendaji. Kwa mimi ni "myself". Kwa wewe ni "yourself". Kwa mwanamume ni "himself". Kwa mwanamke ni "herself". Kwa kitu au mnyama ni "itself". Kwa sisi ni "ourselves". Kwa ninyi ni "yourselves". Kwa wao ni "themselves". Mmoja huishia kwa "self", wengi kwa "selves".

Hapo pana faida moja. Neno "you" lina maana ya wewe na ya ninyi pia, hata msomaji wa barua huweza kushindwa kujua kama ameitwa yeye peke yake au pamoja na wenziwe. Lakini akiandikiwa "Prepare yourself", ajue ni yeye mmoja ajitayarishe; na akiandikiwa "Prepare yourselves", ni wote.

Tena mwanafunzi akiona "myself" na "yourself" zimeanza kwa "my" na "your", yaani -angu na -ako, hudhani ni haki kuandika "hisself" na "theirselves". Maneno hayo husikika vinywani mwa baadhi ya Waingereza katika lahaja zao, lakini katika Kiingereza cha shule na cha barua hayakubaliwi. Yatupasa kuandika "himself" na "themselves".

Sasa tutazame hatari yenyewe. Juma na Ali walikuwa shambani wakifyeka, na Juma akajikata mguu kwa panga lake. Shahidi aulizwa, naye asema, "Juma alijikata." Mkalimani akiandika "Juma cut himself", amesema kweli: ni ajali, wala hapana wa kulaumiwa. Lakini akiandika "Juma cut him", ameandika kwamba Juma alimkata mtu mwingine, na asomaye atadhani aliyekatwa ni Ali. Neno moja limekosewa, na aliyeumia amekuwa mkosaji.

Hapo kale, kabla Wanormani hawajaishinda Uingereza mwaka 1066, neno "him" peke yake liliweza kuchukua maana zote mbili, na "self" iliongezwa kwa kutia nguvu tu. Baadaye, katika muda wa karne nyingi, maneno hayo yaliungana yakawa alama ya mtu ajitendaye. Hata hivyo ile kazi ya kutia nguvu haikuisha. Mtu akisema "The teacher himself wrote the letter", maana yake ni mwalimu mwenyewe aliandika barua, wala hakumtuma mwingine. Na akisema "by himself", maana yake ni peke yake. Njia ya kupambanua ni hii: liondoe neno hilo. Ukisema "The teacher wrote the letter", habari imebaki ile ile, basi lilikuwa la kutia nguvu. Lakini ukiliondoa katika "Juma cut himself", habari imeharibika.

Jambo jingine ni watu watendeanao. Sisi twasema "walipigana", na wengine huandika "They hit themselves". Asomaye ataelewa ya kuwa kila mmoja alijipiga mwenyewe, kama wenye wazimu. Iandikwe "They hit each other".

Wala tusidhani kila "ji" yetu yataka "self". Kujifunza ni "learn" basi. "I learn myself English" si Kiingereza. Na katika kujibu, "ji" ni sehemu ya neno lenyewe. Kinyume chake pia kiko: "We enjoyed ourselves" kwa Kiswahili ni "tulifurahi", bila "ji" yo yote. Na mgeni akiambiwa mezani "Help yourself", amekaribishwa apakue chakula apendavyo. Asifasiri neno kwa neno, maana kwetu kujisaidia ni neno la adabu la kwenda haja!

Mwisho, wako waandishi wa barua wadhanio ya kuwa "myself" ni neno la heshima kuliko "I" na "me", wakaandika "Myself and the headman have seen the bridge", au "Send the reply to myself". Katika barua ya kazi hayo hayafai. Yafaa "The headman and I", na "Send the reply to me".

Basi kila mwenye kuandika au kufasiri na ajiulize maswali mawili kabla ya kutia sahihi yake: Ni nani aliyetenda? Ni nani aliyetendwa? Wakiwa ni mtu mmoja, aandike "self" impasayo. Wakiwa ni wawili, aiache. Kwa kufanya hivyo hatamtia mtu hatiani kwa jambo asilolitenda.