Kabla Ulipie Keja 'Karibu na Stesheni', Chora Ramani Yako

Umeona tangazo: bedsita safi, maji kila siku, dakika tano kutoka stesheni ya treni. Kodi imepanda kidogo lakini unajiambia nauli itashuka, mambo yatajipanga. Sasa jiulize swali moja: dakika tano za nani? Za ajenti akiwa kwa gari? Za nduthi? Ama ni zako wewe, saa kumi na moja alfajiri, mvua ikinyesha na lango la nyuma la estate likiwa limefungwa?

Kuna watu ambao kazi yao ni kujibu swali kama hilo. Huko Ufaransa, kuzunguka Paris kunajengwa mtandao wa metro unaoitwa Grand Paris Express: karibu kilomita 200 za reli na stesheni 68. Taasisi ya mipango ya jiji, Apur, iliyoanzishwa 1967, haikungoja treni zianze kukimbia. Ilichukua ramani na kuchora duara la mita 800 kuzunguka kila stesheni. Mbona 800? Kwa sababu mtu wa kawaida huutembea umbali huo kwa dakika kumi hivi. Ndani ya kila duara wakaangalia mambo yale yale: wanaishi watu wangapi, kipato chao ni kipi, nyumba ni za aina gani, kazi ziko wapi, na ardhi gani bado haijajengwa.

Ujanja wa hesabu hiyo ni kurudia. Ukipima kabla ya stesheni kufunguliwa, kisha urudi baada ya miaka kadhaa, utajua ni nani amehamia na ni nani amesukumwa nje. Usipopima mwanzoni, kila mtu atakuja na stori yake na hakuna atakayeweza kumbishia.

Lakini duara nalo hudanganya. Mita 800 kila upande ni kama kilomita mbili za mraba, na kwa karatasi zote zinaonekana ziko karibu. Kwa miguu, ukuta mmoja tu wa kiwanda unatosha kukuzungusha nusu saa. Stesheni ya Saint-Denis Pleyel, iliyofunguliwa Juni 2024 kaskazini mwa Paris, iko kando ya reli nyingi zilizotenganisha mitaa miwili tangu zamani. Ilibidi daraja lijengwe juu ya reli hizo ndipo watu wa ng'ambo wahesabike kweli kuwa majirani wa stesheni.

Turudi nyumbani. Nairobi haina metro, lakini ina treni za mjini, na stesheni mpya tumeziona. Ile ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, kisha 2017 kituo kikuu cha SGR kikaanza kazi jirani yake. Leo ukisikia mtu anauza nyumba ama ploti pande hizo, neno stesheni halikosi kwa mdomo wake.

Ama chukua Imara Daima. Upande mmoja kuna estate zenye lango na mlinzi. Hapo karibu kuna Mukuru kwa Njenga, mabati yamebanana. Ukijumlisha kipato cha wote kisha ugawanye, utapata mtu wa katikati ambaye haishi popote. Ndiyo maana ramani nzuri haikomei kwa wastani, inaonyesha mstari unaotenganisha watu unapita wapi.

Wakazi wa Mukuru wanalijua hilo vizuri. Mwaka wa 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na wakazi wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji walikuwa wameingia nyumba kwa nyumba kukusanya takwimu. Moja ya yaliyotoka: mtu wa mabati hulipia lita moja ya maji bei ya juu kuliko mtu wa estate. Hata hivyo, 2021 matingatinga yaliingia Kwa Njenga kupisha barabara na maelfu ya watu wakalala nje. Kwa hivyo tusidanganyane, ramani haizuii tingatinga. Inachofanya ni kumnyima yeyote nafasi ya kusema kwamba pale hapakuwa na watu.

Sasa wewe unaanzaje? Huhitaji digrii. Mimi chuo sikumaliza, na miguu haijawahi kuniuliza cheti. Chagua stesheni moja. Chora duara la mita 800 kwa simu. Kisha tembea kutoka mlango wa stesheni kuelekea pande nne, dakika kumi kila upande, na uweke alama pale ulipofika. Unganisha alama hizo. Umbo litakalotokea, mara nyingi limepinda kama chapati ya mwanafunzi, ndilo eneo halisi la stesheni. Kila sehemu iliyobaki nje ya umbo hilo ina sababu: ukuta, mtaro bila daraja, Mombasa Road bila kivukio. Andika sababu hiyo.

Rudi usiku, kama mko wawili ama watatu. Taa zinawaka wapi? Njia gani wasichana wanaiepuka, na wanazunguka wapi badala yake? Kisha uliza wapangaji kodi ilikuwa ngapi mwaka jana na ni ngapi sasa. Usiandike jina la mtu wala namba ya nyumba. Bei na mwezi zinatosha.

Hili si jambo geni kwetu. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera waliiweka Kibera kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, wakati ramani nyingi zilionyesha doa tupu pale. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kutoka Marekani walipanda mathree wakiwa na simu mkononi, na 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130. Simu waliyotumia haina tofauti kubwa na hiyo uliyoshika sasa hivi.

Ukiwa na ramani yako, Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali. Omba mpango wa eneo hilo, uuweke kando ya ulichochora, halafu nenda nao kwa kikao cha maoni ya umma. Ukisema "tunaumia", utapewa soda na kushukuriwa. Ukisema "watu wa upande huu hutembea dakika 25 kufika stesheni iliyo mita 400 kutoka kwao, na hapa ndipo daraja linahitajika", itabidi mtu akujibu.