Vyombo Safi kwa Maji Machache

Kata ya Nyakabanda, wilayani Nyarugenge katika jiji la Kigali, imejengwa kwenye miteremko iliyo chini ya Mlima Kigali. Nyumba zimepangana huko kama vidato vya ngazi. Maji ya bomba hayafiki kwa kuteremka, bali kwa kupandishwa. Mtambo wa Nzove huyasafisha bondeni mwa mto Nyabarongo, na ule wa Kimisagara, ulio jirani na Nyakabanda, hutumia maji ya mto Yanze. Kisha pampu huyasukuma kuelekea vilimani. Mwaka 2021 ulizinduliwa pia mtambo wa Kanzenze, wenye uwezo wa kutoa meta za ujazo 40,000 kwa siku kwa ajili ya Kigali na Bugesera. Hata hivyo jiji nalo halijaacha kukua, na ratiba za mgawo wa maji si jambo geni kwa wakazi wake, hasa wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Siku bomba linapokauka, maji hupimwa kwa jerikani. Huletwa kichwani, mara nyingi na watoto kabla hawajakwenda shule, au hununuliwa kwa mchukuzi. Kwa mama ambaye mumewe yuko zamu kambini au kituoni, naye amebaki na watoto wadogo, kila jerikani ina hesabu yake: hii ya kupikia, hii ya kunywa baada ya kuchemshwa, hii ya kuogea. Ya vyombo hukumbukwa mwisho, ingawa ndiyo inayopotea upesi zaidi.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Bomba likijaza jerikani ya lita 20 kwa dakika mbili, maana yake linatoa lita 10 kila dakika. Basi anayeosha vyombo chini ya bomba lililo wazi kwa dakika kumi amemwaga lita 100, yaani jerikani tano, kwa mlo mmoja. Vyombo hivyo hivyo vya watu sita vingeweza kuoshwa kwa lita 15 hivi katika makarai mawili: moja la sabuni, la pili la kusuuzia. Milo miwili kwa siku, na zimeokolewa lita 170. Askari aliyekaa porini kwa mafunzo na chupa moja ya maji kiunoni hatashangazwa na hesabu hiyo. La kushangaza ni kwamba akirudi nyumbani yeye ndiye huacha bomba likitiririka huku akitafuta sabuni.

Kazi ya kuokoa maji huanza kabla ya maji yenyewe. Makombo yakwanguliwe yote, na mafuta yafutwe kwa karatasi au jani la mgomba. Sufuria ya ugali itiwe maji kidogo ya baridi mara tu inapopakuliwa, kwa kuwa ukoko ukikauka usiku kucha utadai maji mara tatu. Sufuria ya sombe iliyopikwa kwa mawese ni kinyume chake: maji ya baridi huyagandisha mafuta, hivyo yafaa kikombe kimoja cha maji ya moto na jivu la mkaa au la kuni. Jivu husugua, na magadi yaliyomo hulainisha mafuta. Nyumba ambayo baba hurejea kutoka zamu ya usiku na kula alfajiri imezoea kuona sahani yake ikingoja hadi mchana. Ailoweke mwenyewe. Hakuna cheo kinachopungua kwa hilo.

Utaratibu nao una maana. Bilauri na vikombe vitangulie, vijiko na sahani vifuate, sufuria ziwe za mwisho, na karai moja la povu litatosha kwa vyote. Sabuni ikizidi, kusuuza huongezeka. Vijiko viwili vya sabuni ya maji havisafishi maradufu ya kimoja.

Lakini pana mpaka. Maji yaliyogeuka rangi na kupoza povu hayaoshi tena, bali hupaka uchafu kutoka chombo hadi chombo, na mtoto mchanga ndiye hulipa kwa kuharisha. Kuokoa maji kwa namna hiyo ni hasara tupu. Maji ya kusuuzia yawe safi daima, na vyombo vya mtoto visuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Kisha vipangwe juu ya kichanja vikaushwe na jua, maana kitambaa kimoja kinachofuta meza, mikono na sahani hurudisha kila kilichoondolewa.

Mvua nayo isisahauliwe. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la meta za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 400, ambazo ni jerikani 20 kabla ya kutoa zinazorukia pembeni. Maji ya dakika za kwanza yaachwe yapite, kwani hubeba vumbi na vinyesi vya ndege. Yanayofuata yakingwe katika pipa lenye kifuniko, yatumike kwa kuosha.

Linabaki suala la maji machafu, ambalo huko Nyakabanda limewahi kugombanisha majirani. Yakimwagwa nyuma ya nyumba, hushuka hadi mlangoni pa aliye chini, yakichimba udongo njiani. Ya kusuuzia yaweza kusafishia choo au sakafu. Ya povu, yakishachujwa makombo, humwagiwa shina la mgomba, si mboga zinazoliwa mbichi. Yenye mafuta mengi yaende katika shimo lililojazwa mawe na kokoto, lililochimbwa mbali na msingi wa nyumba, na mbali na msingi wa jirani pia.