Seva Ikigoma, Msimamo Usikwame

Keko, Dar es Salaam, iko jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa na ule wa Uhuru, kwa hiyo bao likifungwa mtaa huarifiwa kwa kelele kabla simu haijaleta habari. Kinachobaki kutafutwa mtandaoni ni yale ambayo kelele haziwezi kueleza: msimamo wa ligi baada ya raundi nzima, tofauti ya mabao, orodha ya wafungaji, ratiba ya wiki ijayo. Mambo hayo mara nyingi hukusanywa na mashabiki wasiolipwa, wanaolipia seva ya bei nafuu na kuandika programu ndogo ya kuchota matokeo, kupiga hesabu na kubandika jedwali jipya bila mkono wa mtu. Wasomaji wa tovuti za namna hiyo wanalijua tatizo lake. Jedwali linaganda. Timu imeshacheza mechi tatu zaidi, lakini ukurasa bado unaonyesha pointi za mwezi uliopita. Ushauri unaotolewa haraka ni kuhamia seva ya ghali zaidi. Hoja ya makala hii ni kwamba ushauri huo haugusi kiini cha tatizo. Kila seva itakwama siku moja, na kinachoiokoa tovuti ndogo ni jinsi kazi yake ilivyopangwa: iweze kurudiwa bila madhara, iweze kuhamishwa, na ionekane inaposhindwa.

Tuanze na sababu za kukwama. Seva ya kupanga ni nafuu kwa kuwa wapangaji wanagawana mashine moja, na mashine hiyo hubeba tovuti nyingi mno. Ili mmoja asiwamalizie wenzake nguvu, kampuni huweka mipaka: programu inayozidi muda wake hukatwa katikati, inayokula kumbukumbu nyingi huzimwa, na kazi za ratiba huruhusiwa kuamka kwa vipindi maalumu tu. Tena kampuni hupandisha toleo la PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi, na amri iliyotii kwa miaka inakataa ghafla. WordPress, programu ya kujengea tovuti, nayo ina mtego wake. Mpangilio wake wa kazi za ratiba, WP-Cron, hauna saa ya kujiamsha. Huangalia kama kuna kazi pale mtu anapofungua ukurasa. Tovuti yenye msongamano wa wasomaji haioni kasoro hiyo. Tovuti ya shabiki mmoja, isiyotembelewa usiku kucha, inaweza kukaa na matokeo ya jana hadi mgeni wa kwanza wa asubuhi, naye ndiye atakayekuta jedwali la zamani. Namna ya kulitatua hilo ni kuizuia WP-Cron isitegemee wageni, kisha kuiachia cron, yaani ratiba ya kazi ya seva yenyewe, au huduma ya nje, kazi ya kuiamsha kila baada ya muda uliowekwa.

Saa nazo zina lawama yake. Seva nyingi hufuata saa ya kimataifa, UTC, iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Mechi ya saa kumi jioni humalizika karibu na saa kumi na mbili, na mwenye tovuti, kwa kutaka kuwa na nafasi, anaweza kuandika 19:00 kwenye ratiba akidhani ni saa moja usiku. Seva itaamka saa nne usiku. Seva iliyopangwa kwa saa za Ulaya husumbua zaidi, kwa sababu saa hizo husogezwa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, wakati zetu hazisogei. Ni salama zaidi kuiacha mashine kwenye UTC na kugeuza saa pale tu inapoonyeshwa kwa msomaji.

Sababu hizo zikieleweka, inaonekana kwa nini mpangilio wa kazi unashinda ubora wa seva. Chukua programu inayouliza kila usiku, “Leo kumechezwa mechi gani?” Ikikosa usiku mmoja, matokeo ya siku hiyo yamepotea mpaka mtu agundue. Programu inayouliza, “Tangu nilipofanikiwa mara ya mwisho, kumechezwa nini?” inaweza kulala siku nne na siku ya tano ikalipa deni lote. Ili ulipaji huo usilete pointi mara mbili, kila mechi ihifadhiwe kwa utambulisho wake, yaani msimu, mwenyeji na mgeni, ili matokeo yakija tena yaandikwe juu ya yale ya mwanzo badala ya kuongezwa. Ukurasa mpya nao utengenezwe pembeni, ukaguliwe, kisha ubadilishane nafasi na wa zamani kwa mara moja. Hapo seva ikikata kazi katikati, msomaji anabaki na jedwali la jana lililo kamili, ambalo lina thamani kuliko jedwali la leo lenye timu tisa. Na chanzo cha matokeo kisipojibu, programu isubiri dakika moja, kisha tano, kisha ishirini. Kukigonga mfululizo ni njia ya haraka ya kufungiwa.

Hoja ya kuhama inahitaji ushahidi, na ushahidi upo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva za kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Mamilioni ya tovuti yalizimika, na baadhi ya wateja waligundua kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa palepale. Hiyo ni kampuni kubwa, ambayo jina lake lingetosha kumtuliza mtu. Novemba 2022 Heroku, kampuni ya kuendeshea programu mtandaoni, iliondoa huduma yake ya bure, na miradi mingi ya kujitolea ikabaki bila makao. Fundi seremala wa Keko anayepanga banda anaweza kuambiwa ahame, na akahama, kwa kuwa misumeno, vipimo na michoro ni vyake. Mwenye tovuti anapaswa kuwa na vitatu vyake pia: domeni iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, programu iliyohifadhiwa nje ya seva, na matokeo yaliyowekwa katika faili rahisi linalosomeka popote. Kuhusu urahisi huo, tazama RSSSF, umoja wa wapenzi wa takwimu za soka ulioanzishwa mwaka 1994. Kurasa zake, zikiwemo za historia ya ligi ya Tanzania, ni maandishi matupu yaliyopangwa kwa mistari, na zinafunguka mpaka leo katika simu yoyote.

Mfano wa karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na inayoandikwa na watu wa kujitolea. Kama matoleo mengine ya Wikipedia, nayo imetegemea programu zinazoitwa roboti kwa kazi za kuchosha. Roboti nyingi za Wikipedia ziliwahi kuishi kwenye Toolserver, mashine za tawi la Ujerumani la Wikimedia zilizofungwa katikati ya mwaka 2014, na wenye roboti wakalazimika kuhamia makao mapya. Karibu miaka kumi baadaye, Machi 2024, mfumo wa zamani wa kuendesha kazi katika makao hayo nao ulizimwa. Waliohamisha programu zao waliendelea, na programu zilizokosa mtu wa kuzihamisha zilisimama. Hakuna aliyezembea kulipia seva hapo. Somo jingine linatoka mwaka 2013. Kabla ya hapo kila makala ilibeba orodha ya viungo vya kwenda lugha nyingine, na roboti zilishinda zikiirekebisha. Wikidata, hifadhidata ya pamoja ya Wikipedia zote, ilipoweka orodha hizo mahali pamoja, kazi hiyo karibu yote iliisha. Kabla ya kuimarisha kazi ya kujiendesha, basi, inafaa kuuliza kama inaweza kuondolewa kabisa.

Wapo watakaosema kwamba mambo yangekuwa shwari kama seva zetu zingekuwa nyumbani. Faida ipo, kwani msomaji wa Keko hufikiwa haraka na seva iliyo Dar es Salaam. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika kwa pamoja, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya. Siku kama hiyo seva ya Dar inayochota takwimu ng'ambo hukosa cha kuchota, na seva ya Ulaya hujisasisha vizuri huku msomaji wa Keko akishindwa kuifikia. Kila mahali pana udhaifu wake, na kazi inayoweza kulipa deni ndiyo inayovuka siku hiyo katika hali zote mbili. Wengine watauliza kwa nini shabiki asihamie mitandao ya kijamii na kuachana na seva. Huko pia anapanga, tena bila mkataba anaoweza kuujadili: mwaka 2023 Twitter ilibadili masharti ya programu zinazoiunganisha, na akaunti nyingi za kujiendesha zikanyamaza. Isitoshe, msimamo wa msimu uliopita hautafutiki kirahisi katika mlolongo wa picha.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba mambo haya ni mengi kwa mtu mwenye kazi ya kutwa na bando la kuhesabu. Ni kweli, na ndiyo maana kitu cha kwanza kuwekwa kiwe kile kinachopunguza uangalizi. Kazi za kujiendesha hushindwa kimya kimya. GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu ambako wengi huendesha kazi za ratiba bila malipo, huzima ratiba ya mradi wa wazi usioguswa kwa siku 60. Cheti cha usalama cha bure cha Let's Encrypt kimekuwa kikidumu kwa kawaida siku 90, na tangu Juni 2025 taasisi hiyo haitumi tena barua pepe za kukumbusha kwamba kinakaribia kuisha. Kungoja taarifa ya kushindwa ni kujidanganya, kwa kuwa seva iliyozimika haiwezi kutuma taarifa. Utaratibu ugeuzwe: programu iripoti kila inapofanikiwa, kwa huduma iliyo nje ya seva hiyo, na huduma hiyo imwamshe mwenye tovuti pale ripoti inapokosekana. Juu ya jedwali pawekwe tarehe na saa ya sasisho la mwisho, ili msomaji naye ajue anachokisoma ni cha lini. Mistari michache ya programu inatosha kwa yote mawili, na gharama yake ni ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya seva nafuu na seva ghali. Mwenye fedha ya ziada na anunue seva bora baada ya hapo. Akiinunua kabla, atakuwa amelipa zaidi kwa jedwali litakaloganda bila yeye kujua.