Mvua ya Kupandia na Uchaguzi wa Nafaka Mkoani Dodoma

Kila mwaka ufikapo mwisho wa Novemba, makatibu wa vyama vya msingi mkoani Dodoma hukabiliwa na swali lile lile: mbegu zigawiwe sasa, au zingojee? Swali hili si dogo. Mwanachama akipanda kwa mvua ya kudanganya, mbegu huota, jua huwaka, miche hukauka, na deni la pembejeo hubaki kitabuni kama lilivyoandikwa.

Dodoma haina vuli na masika kama ilivyo Kilimanjaro au pwani. Ina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua yake kwa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Lakini jumla hiyo peke yake haiamui mavuno. Linaloamua ni mgawanyiko wake, kwa maana mara nyingi mvua hukatika mwishoni mwa Januari au Februari kwa majuma mawili na zaidi, kisha hurejea Machi.

Hapo ndipo nafaka zinapotengana. Mahindi hayastahimili kiu yanapotoa mbelewele na ndevu; yakikosa maji wakati huo, magunzi hubaki na punje za kuhesabu, hata mvua ya Machi ikinyesha kwa wingi. Mtama hukunja majani yake, hudumaa ukingoja, na mvua ikirudi huendelea kukua. Uwele nao hukomaa upesi na huvumilia ardhi ya kichanga.

Wako wanaowalaumu wakulima kwa kushikilia mahindi. Lawama hiyo haina haki. Suke la mtama liko wazi, na kweleakwelea wakishuka kwa makundi, shamba huweza kumalizwa kwa siku chache. Hindi limevikwa maganda yake. Kuamia ndege tangu alfajiri hadi machweo kwahitaji watu, na watoto wako shuleni, kama ipasavyo. Kwa hiyo hatushauri mahindi yaachwe, bali yawekwe mahali pake: mabondeni na penye udongo unaoshika maji, tena kwa mbegu za muda mfupi. Ekari zilizosalia ziwe za mtama na uwele, na majirani wapande kwa pamoja, ili ndege wasielekeze hasara yote kwenye shamba moja lililotangulia kuiva.

Kuhusu wakati wa kupanda, mtama na uwele huweza kutiwa ardhini kabla ya mvua, nazo hufaidi manyunyu ya kwanza. Mahindi yangoje. Kipimo kinachofaa ni milimita 20 katika siku mbili au tatu, kisha mkulima achimbe aone kama unyevu umefika shubiri moja chini. Chama kiwe na kipimamvua na daftari lake, kisomwe kila asubuhi saa tatu. Milimita moja ya mvua ni kama lita 4,000 za maji katika ekari moja. Mwanachama akielezwa hivyo, huona mara moja thamani ya matuta yanayoyazuia maji yasikimbilie korongoni.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla ya Novemba. Ni vema kamati iusome, lakini ikumbuke kwamba maneno "chini ya wastani" husemwa juu ya eneo kubwa, wala hayataji kijiji chako. Hata utabiri ukiwa mzuri, tunashauri mbegu zote zisitolewe kwa mkupuo. Robo moja, iliyo ya muda mfupi, ibaki ghalani kwa ajili ya kurudishia mashamba yaliyokauka. Mbegu ikiagizwa baada ya hasara, hufika msimu umekwisha kusonga. Isipohitajika, ihifadhiwe mahali pakavu na ijaribiwe uotaji wake kabla ya kugawiwa mwaka ufuatao. Mbegu iliyotiwa dawa isiuzwe kamwe kwa chakula, na ufunguo wa ghala hilo ukae kwa katibu.