Breki za Gari la Nyumbani: Yafaa Zitazamwe Kabla Hazijalia

Mtu anunuapo motokaa, jambo la kwanza aulizalo ni kama injini ina nguvu na kama haili petroli nyingi. Ni wachache waulizao habari za breki. Lakini injini ikifa njiani, hasara yake ni kuchelewa na kusukuma; breki zikifa mtelemkoni, hasara yake huenda ikawa watu wote waliomo garini. Kwa hiyo yampasa kila mwenye gari, awe mkulima au karani, ajue jinsi breki zifanyavyo kazi, jinsi zinavyolika, na ni wakati gani zatakiwa kubadilishwa.

JINSI BREKI INAVYOFANYA KAZI

Breki huugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Dereva akanyagapo, mafuta ya breki yaliyomo katika mabomba membamba husukumwa mpaka kwenye magurudumu. Huko hubana pedi mbili, moja kila upande wa sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, ambayo mafundi huiita diski. Magari mengi ya nyumbani yana diski mbele, na mengi kati ya hayo yana ngoma nyuma. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vyenye bitana, ambavyo hutanuka na kusugua ukuta wake.

Louis Renault wa Ufaransa alitengeneza breki ya ngoma mwaka 1902, na mwaka huo huo Frederick Lanchester wa Uingereza alipewa hati ya uvumbuzi wa diski. Hata hivyo diski hazikupata sifa kubwa mpaka mwaka 1953, ambapo motokaa ya Jaguar iliyofungwa diski ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans.

Pedi na bitana zimefanywa makusudi ziwe laini kuliko chuma, ili zilike zenyewe na kukiokoa chuma. Basi kulika kwake si ugonjwa, bali ndiyo kazi yake, kama jembe linavyolika shambani. Ugonjwa ni kulika pasipo mwenyewe kujua.

MTELEMKO NA DEBE LA MAJI

Mwendo ukizidi mara mbili, joto la kulisimamisha gari huzidi mara nne. Dereva asimamaye kutoka kilometa 80 kwa saa huzitia breki zake kazi mara nne kuliko yule asimamaye kutoka kilometa 40. Mtelemko nao una hesabu yake. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na watu na mizigo, likishuka mita 400 za kimo kwa breki tupu, hutoa joto liwezalo kuchemsha karibu debe zima la maji. Joto hilo lote huingia katika vyuma vidogo vilivyomo ndani ya magurudumu.

Chukua mfano wa mkulima wa Limuru aendaye Naivasha kuwatazama wakwe zake, pamoja na mkewe, watoto watatu na magunia mawili ya viazi. Ashuka kwa barabara ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ili apunguze petroli, aitoa gea na kuliacha gari liteleze, mguu wake ukikaa juu ya breki. Kufika katikati ya mtelemko, harufu ya kuungua yaingia dirishani, na kanyagio lazama chini kama lakanyaga sifongo. Hakuna kilichovunjika. Pedi zimepata joto mno hata hazishiki tena, na mafuta ya breki yameanza kuchemka. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke wabonyea. Ndiyo sababu mguu wakanyaga bure.

Mtu huyo alikosea mara mbili. Kwanza, magari ya siku hizi hukata petroli yenyewe yashukapo ndani ya gea huku mguu umeondolewa kwenye mafuta. Kutoa gea hakumpatii faida aliyoitaka. Pili, aliiachia breki kazi ya injini. Sheria ya wazee wa udereva ni kushuka kwa gea ile ile ambayo ingetumika kupanda. Mwenye gari lijibadililo gea lenyewe achague gea ya chini kabla ya kuanza kushuka. Breki hukanyagwa kwa nguvu kidogo, kisha huachiliwa zipoe. Wala injini isizimwe mtelemkoni kamwe, kwa kuwa breki zitakuwa nzito na usukani vivyo hivyo.

Kanyagio likizama, dereva alipige mara kwa mara upesi, arudi gea za chini moja moja, na avute breki ya mkono polepole huku akitafuta mahali pa kusimama. Akiisha simama asimwagie diski maji, maana chuma chenye moto chaweza kupinda au kupasuka. Na aache zipoe.

DALILI ZA KULIKA

Breki hazifi bila kutoa habari. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachopiga mlio mwembamba pedi ikikaribia kwisha. Mlio ukigeuka kuwa mkwaruzo wa chuma kwa chuma, pedi zimekwisha na diski yaliwa. Gari likivuta upande mmoja dereva akanyagapo, upande mmoja haufanyi kazi sawa na mwenzake. Kanyagio likitetemeka, huenda diski imepinda. Pedi za mbele kwa kawaida hulika kwanza, kwa kuwa gari lisimamapo uzito wake huinamia mbele.

Dalili nyingine ni mafuta ya breki kupungua katika chupa yake. Watu wengi hujaza tu na kufunga bonde. Kabla ya kujaza yafaa kutazama pedi, maana zikilika mafuta hushuka. Ikiwa pedi ni nene na mafuta yashuka, yako mahali yanapovuja, na gari lisiende safari.

DAFTARI LA GARI

Mwenye gari na awe na daftari. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi, na ifikapo milimita 3 yapasa kubadilishwa. Tuseme baada ya kilometa 20,000 fundi apima na kukuta milimita 6. Zimelika 4, yaani milimita moja kwa kila kilometa 5,000. Zimebaki 3 za kutumia, ambazo ni kama kilometa 15,000. Aliye wa nchi ya milima asingoje mpaka hapo, bali apime tena katikati. Hesabu hii yafaa hasa kwa magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa Kenya, kwa kuwa mnunuzi hajui pedi zimekwenda safari ngapi.

Mafuta ya breki nayo yaandikwe tarehe, maana hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta ya namba ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205. Yakiisha nyonya maji huweza kuchemka kwenye digrii 140. Magari mengi hutaka yabadilishwe kila miaka miwili. Mafuta ya injini yasitiwe humo hata tone, kwani huharibu mipira yote ya breki.

KWENYE GEREJI

Pedi hubadilishwa kulia na kushoto pamoja, hata kama upande mmoja bado wafaa. Unene wa mwisho wa diski mara nyingi umeandikwa juu yake. Fundi aupime, asikisie. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Zamani bitana zilitiwa asbesto, ambayo huleta maradhi mabaya ya mapafu, na gari kuukuu huenda bado linazo.

Kisha pedi mpya zikanyagwe kwa upole kwa kilometa mia chache za kwanza, mpaka zizoeane na diski. Bei ya pedi nne ni ndogo kuliko ya diski mbili, na bei ya diski mbili si kitu mbele ya gari lililopinduka. Watoto walioketi kiti cha nyuma hawajui lolote la milimita. Aliyeshika usukani ndiye impasaye kujua, naye apime kabla hajawaambia wapande.